Mama Ntilie wa Yountville

Mwambie mtu wa Dar kwamba jioni mnakwenda kula Kifaransa, uone anavyoikimbilia pasi. Tumeshajijaza kichwani kwamba hicho ni chakula cha mabwana: sahani pana, tonge dogo, uma tatu, na mhudumu anayekutazama kana kwamba umekuja kuomba kazi. Ni uongo, tena uongo unaotutia hasara.

Shemeji yangu anayeishi California alinipeleka Yountville, kimji cha bonde la Napa chenye wakazi wasiofika 4,000, mizabibu pande zote. Mpishi Thomas Keller aliuchukua mgahawa wa The French Laundry hapo mwaka 1994, na 1998 akafungua bistro ya Bouchon. Mwaka huohuo Mfaransa Philippe Jeanty naye akafungua bistro yake. Leo watu wanapanda ndege kwenda kula kwenye kimji hicho. Shemeji alivaa tai.

Tukaingia bistro mojawapo, menyu ikaja. Ulimi wa kondoo. Miguu ya nguruwe. Maharage na paja la bata. Jogoo ndani ya mvinyo. Supu ya vitunguu.

"Shemeji," akaninong'oneza, "kwani tumetoka Oakland kuja kula ulimi?"

Ndiyo, shemeji. Ulimi ndio tulioufuata.

Bistro asili yake ni mahali pa kula kwa bei ya mtu wa kawaida. Supu ya vitunguu ilikuwa kinga ya baridi kwa wachukuzi wa soko la Les Halles mjini Paris, waliobeba mizigo usiku kucha kabla soko halijahamishiwa Rungis mwaka 1969. Ndani yake mna nini? Vitunguu, mchuzi wa mifupa, mkate uliolala, na jibini la kufunika. Jogoo naye hachemshwi kwenye mvinyo kwa sababu ya ufahari. Ni mzee, hatafuniki. Aliyewahi kupika jogoo wa kienyeji hahitaji kuelezwa. (Na anayeambiwa kwamba pombe yote huisha jikoni asikubali haraka, kiasi hubaki. Mimi niliagiza ulimi.) Hata hilo neno bouchon, kule Lyon, ni vijimgahawa vilivyolisha wafumaji wa hariri, na mojawapo ya vyakula vyake vinavyosifiwa ni kipande cha utumbo kilichoviringishwa kwenye chenga za mkate kikakaangwa.

Utumbo! Huyo ni mama ntilie, jamani, ila amepata kitambaa cha meza.

Najua nitakachojibiwa: mazingira, jina, nyota. Basi tukumbuke mwaka 1976, pale Paris, waonjaji wa Kifaransa walipoonjeshwa mvinyo bila kuona chupa. Wa kwanza kwa mwekundu na wa kwanza kwa mweupe wote walitoka Napa. Ulimi ulisema ukweli kwa kuwa macho hayakupewa nafasi.

Sisi macho ndiyo yanayokula. Mheshimiwa anakunywa supu ya makongoro saa 12 alfajiri, amejibanza nyuma ya banda, jasho linamtoka kwa raha. Mchana, akiwa na wageni, anaagiza steki iliyokauka kama soli. Katika hoteli zetu kubwa nilizowahi kuingia, sijakuta makongoro kwenye menyu hata siku moja. Nimekuta supu ya vitunguu. Tumebeba kitambaa cha meza tukakiacha chungu, wakati Wafaransa walichofanya ni kukipandisha chungu chao mezani kama kilivyo, bila kukionea haya.

Sisemi bei ya Yountville ni ya mama ntilie. Ilinichoma. Lakini nilikuwa nalipia kodi ya pango, mishahara na saa nyingi za moto mdogo. Ule ulimi ulikuwa umechemka mpaka ukawa unakatika kwa uma, vipande vyembamba vikiwa vuguvugu bado. Mtu wa Buguruni angeuelewa tangu harufu.

Shemeji aliishia kuagiza maharage. Alipofika chini ya bakuli, mchuzi ulibaki, na kikapu cha mkate kilikuwa mbele yake. Akakitazama, akatazama kulia, akatazama kushoto. Meza ya jirani, mzee mmoja wa Kizungu alikuwa ameshamega mkate wake na sahani yake inang'aa. Shemeji akalegeza tai.