Wasinziao Mchana Guangzhou
Na Salim Mwinyikombo

Miongoni mwa lawama wanazotupiwa wafanyabiashara wetu wakaao Guangzhou, katika mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli ambako watu wa Afrika Mashariki hufuata nguo, viatu na vipuri, iko moja ambayo naiona haina insafu hata kidogo: kwamba wanasinzia mchana kwa uvivu, na kwamba kijana akikutwa amelala juu ya marobota saa tisa alasiri, basi huyo ameghafilika na riziki yake. Usingizi unaomshinda mtu mchana ni dalili kama homa ilivyo dalili, na mwenye homa halaumiwi kwa joto lake, bali hutafutiwa sababu.

Sababu iliyo karibu zaidi imo katika hesabu ya saa. Guangzhou imezitangulia Dar es Salaam na Nairobi kwa saa tano, hivyo maduka ya Kariakoo yanapofunguliwa saa tatu asubuhi, kule imekwisha kuwa saa nane mchana. Na tajiri wa duka anapopata faragha ya kuagiza mzigo saa tatu usiku, baada ya kufunga hesabu zake na kula chakula chake, simu humwamsha wakala saa nane za usiku wa manane. Wakala huyo, akiisha kujibu bei na kutuma picha za bidhaa, hutakiwa asubuhi awepo godauni kabla kontena halijafungwa. Mwili wa mtu mzima huhitaji saa saba za usingizi au zaidi, na anayeupa nne kila usiku hulipishwa mchana, apende asipende.

Mgeni aliyeshuka juzi ana taabu ya ziada. Ndani ya ubongo kuna kituo kidogo sana kinachoongoza mwendo wa mwili wa usiku na mchana, nacho hujirekebisha kwa nuru iingiayo machoni. Na kwa kuwa mwendo huo kwa watu wengi huzidi kidogo saa 24, ni vyepesi kuchelewesha usingizi kuliko kuutanguliza, ndiyo maana safari ya kwenda mashariki huchosha kuliko ya kurudi. Wengi hukimbilia kahawa. Lakini kahawa haiondoi uchovu, bali huzuia kwa muda ile adenosini inayolimbikizana ubongoni kadiri tunavyokesha isitende kazi yake. Na kwa kuwa nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa saa tano hivi, kikombe cha magharibi humnyima mtu usingizi wa usiku na kumwongezea wa kesho.

Sisemi kwamba kila lepe la mchana ni maradhi. Baada ya adhuhuri mwili hulegea kwa tabia yake, na wazee wetu wa pwani kwa kailula yao, sawasawa na makarani wa Kichina wanaoinamisha vichwa juu ya meza baada ya chakula, walilitambua hilo na kulitii. Linalonitia hofu ni sinzio la mtu aliyelala usiku kucha akaamka amechoka.

Huyo yamkini hukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea, njia ya hewa huziba, hewa safi hupungua katika damu, ubongo hushtuka na kumwamsha kwa nukta chache, naye hukoroma kwa kishindo na kulala tena bila kujua. Na kwa wenye hali kali jambo hili hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, hata asubuhi ikafika ilhali hakupata usingizi wenyewe. Unene huzidisha balaa hili, ingawa hata wembamba hupatwa. Dawa ipo: tangu mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney alipoeleza chombo cha kupuliza hewa puani kinachoizuia njia isizibe, watu wasiohesabika wamerudishiwa siku zao.

Ziko sababu nyingine: upungufu wa damu, kisukari, sonona, dawa za mafua na za mwasho. Yako pia narkolepsi, maradhi ambayo magoti huweza kumlegea mtu kwa kicheko tu, na ambayo wataalamu wa Beijing, akiwamo Fang Han, walieleza mwaka 2011 kwamba yaliongezeka China baada ya mafua ya H1N1 ya mwaka 2009. Na aliyetoka nchi zenye mbung'o amwambie tabibu waziwazi, kwani malale hayamo katika maradhi ambayo tabibu wa Guangzhou huyafikiria kwanza.

Tabibu huweza kuanza na maswali manane aliyoyatunga Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991, yanayouliza ni wepesi gani mtu kusinzia akisoma, akiwa abiria garini, au akizungumza na mtu. Jumla yake haizidi 24, na ipitayo 10 hustahili uchunguzi. Mgonjwa asiende peke yake. Wafanyabiashara wetu hulala wawili watatu chumba kimoja ili kupunguza kodi, na yule mwenzi wa chumbani, aliyesikia mkoromo ukikoma ghafula na pumzi ikirudi kwa kishindo, anayo habari ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuitoa abadan.