Mkaguzi wa mazingira anapofikishwa kortini

Mwaka 1996 kikosi cha maafisa wenye silaha kilivamia kiwanda kidogo cha kusafishia mafuta huko Church Point, mji wa mashambani katika jimbo la Louisiana, Marekani. Hawakuja kusaka bunduki wala dawa za kulevya. Walikuja kwa sababu ya tangi. Wapelelezi wa EPA, wakala wa serikali kuu unaosimamia mazingira, walidai kwamba kiwanda kinatunza taka hatarishi bila kibali na kwamba meneja wake anajua fika.

Mwaka 1999 meneja huyo alifunguliwa mashtaka ya jinai. Aliishi na jina la mshtakiwa mpaka mwaka 2003, serikali yenyewe ilipoomba mashtaka yafutwe. Wengi wakifika hapo humshukuru Mungu, hukunja makaratasi yao na kurudi nyumbani. Yeye alirudi mahakamani, safari hii akiwa mdai. Alifungua shauri mwaka 2007, na mwaka 2011 Jaji Rebecca Doherty akaamua kwamba mashtaka yale hayakuwa na sababu ya msingi na kwamba mpelelezi wa EPA aliyeyasukuma alifanya hivyo kwa hila. Serikali ikaamriwa kulipa takribani dola milioni 1.7. Mpelelezi mwenyewe naye alikiri makosa mawili ya jinai: kutoa ushahidi wa uongo na kuzuia mkondo wa haki. Akiwa amekula kiapo, alikuwa ameidanganya mahakama kuhusu uhusiano wake wa kimapenzi na afisa wa FBI aliyefanya naye upelelezi ule.

Mwenye kiwanda akiisoma kesi hiyo, Vidrine dhidi ya Marekani, atagonga meza: nao walipe! Mwanaharakati wa mazingira akiisoma atashika kichwa, kwa sababu anajua mkaguzi anayeogopa kushtakiwa atafumba macho mbele ya bomba linalotiririsha sumu mtoni. Wote wawili wana hoja. Mlango wa kumdai fidia mdhibiti anayeshtaki kwa hila lazima uwepo, na lazima uwe mwembamba. Lakini raia anayeutegemea mlango huo peke yake amechelewa. Ulinzi wake wa kweli uko mwanzoni kabisa mwa ukaguzi, pale sampuli inapochotwa.

Mawakili wa Afrika Mashariki hawana haja ya kwenda Louisiana kuitafuta sheria hii. Mwaka 1972 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Mbowa dhidi ya utawala wa wilaya ya East Mengo nchini Uganda, ilieleza mambo manne ambayo mdai anapaswa kuyathibitisha. Kwanza, mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka ya jinai. Pili, hapakuwa na sababu ya msingi ya kushtaki. Tatu, mdaiwa alisukumwa na hila, yaani lengo lingine lisilokuwa kutafuta haki. Nne, kesi iliisha kwa mdai kushinda. Mizani hiyo ya mambo manne ingali ikitumika katika mahakama za ukanda huu. Likipungua moja, dai linaanguka.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu akiachiwa huru hudhani kazi imekwisha, kilichobaki ni hundi. Tuseme mkaguzi amekuta maji meusi yanatoka kwenye kiwanda cha ngozi, majirani wamelalamika, na maabara imeonyesha kemikali zilizopita kiwango. Anamfikisha mwenye kiwanda mahakamani. Hakimu anamwachia kwa sababu lebo ya sampuli haikuandikwa saa, hivyo hakuna uhakika maji yale yalichotwa lini. Mwenye kiwanda ameshinda kesi yake ya jinai, lakini dai lake la hila halifiki popote. Kinachoulizwa ni kama mtu wa kawaida mwenye busara na tahadhari, akiwa na taarifa zile zile mkononi, angeamini kwamba yaelekea kosa limetendeka. Na mkaguzi huyu alikuwa na kila sababu ya kuamini.

Sasa geuza jambo moja tu. Majibu ya maabara yalirudi safi, mkaguzi akayaona, akayafungia kabatini, kisha akapeleka jalada kwa mwendesha mashtaka akieleza kwamba uchafuzi umethibitika. Hili si kosa la lebo tena. Mtu huyu ametumia mamlaka ya umma kumwangamiza mwenzake huku akijua ukweli. Sheria inayomkinga mkaguzi wa kwanza haina sababu ya kumkinga wa pili.

Hata Marekani mlango huu haukufunguka wenyewe. Kwa miongo kadhaa sheria ya kuishtaki serikali kuu kwa madhara ya watumishi wake iliyaweka kando madai ya mashtaka ya hila. Kisha, Aprili 1973, maafisa wa kupambana na dawa za kulevya walivamia nyumba mbili huko Collinsville, jimbo la Illinois, bila hati za upekuzi, wakawatia watu hofu kubwa, na kumbe walikuwa wamekosea nyumba. Kelele zilizofuata zililifanya Bunge kurekebisha sheria mwaka 1974, ili serikali iweze kudaiwa pale afisa wa upelelezi au wa kusimamia sheria anaposababisha mashtaka ya hila. Meneja wa Church Point alipita katika tundu hilo hilo, kwa kuwa mpelelezi wa EPA ni afisa wa namna hiyo. Waendesha mashtaka wao wanabaki na kinga yao binafsi, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha mwaka 1976. Kanada ilishika njia nyingine: mwaka 1989, katika shauri la muuguzi aliyekuwa ameshtakiwa kwa vifo vya watoto wachanga hospitalini Toronto, mahakama yake ya juu ilikataa kuwapa waendesha mashtaka kinga kamili.

Ugumu mkubwa zaidi kwa mfanyabiashara wa kawaida ni kwamba silaha nyingi za mdhibiti hazipitii kizimbani. Ana notisi, ana amri ya kusitisha shughuli, ana cheti anachoweza kukinyima au kukifuta, ana faini. Mei 2019 Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira la Tanzania, NEMC, liliutoza mgodi wa dhahabu wa North Mara, wilayani Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kuhusu uchafuzi kutoka bwawa la mabaki ya uchenjuaji. Faini hiyo ilitoka mezani kwa mdhibiti, si katika hukumu ya hakimu. Pamoja na hayo ipo njia ya kufifilisha kosa, ambapo mtu anakiri, analipa, na mambo yanaishia ofisini. Anayekiri na kulipa hajashinda kesi yoyote, kwa hiyo hawezi baadaye kudai kwamba alishtakiwa kwa hila. Karani wa gereji anayesaini fomu ili lango lifunguliwe Jumatatu asubuhi hajui kwamba sahihi hiyo imemfungia njia.

Uingereza ilijaribu kupanua mlango. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu yake, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba hata mashauri ya madai yanayofunguliwa kwa hila yanaweza kuzaa fidia, si ya jinai peke yake. Majaji wanne waliopinga hawakuwa na moyo mgumu. Hofu yao ilikuwa kwamba kila kesi itazaa kesi nyingine, aliyeshinda leo akamrudia aliyeshindwa, na mashauri yasiishe. Hofu hiyo ina uzito mkubwa zaidi pale mdaiwa anapokuwa ofisi ya umma yenye wakaguzi wachache na magari machache, na mdai akiwa kampuni yenye mawakili wanaolipwa kwa mwezi.

Kinachomsaidia mtu zaidi ni haki ya kuipinga amri mapema. Wanandoa wawili wa jimbo la Idaho, akina Sackett, walikuwa wameanza kujaza kifusi kwenye kiwanja chao karibu na ziwa Priest ili wajenge nyumba. Mwaka 2007 EPA ikawaletea amri: eneo hilo ni ardhioevu, ondoeni kifusi, la sivyo faini ya maelfu ya dola kwa kila siku. Wakaomba kusikilizwa, wakaambiwa wasubiri mpaka wakala utakapoamua kuwashtaki, huku faini ikijilimbikiza. Mwaka 2012 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walikubali kwamba hapana, amri ya namna hiyo inaweza kupingwa mahakamani mara inapotolewa. Uamuzi wa pili wa mwaka 2023, uliopunguza ardhioevu zinazolindwa na sheria ya kitaifa, umewaumiza wapenda mazingira, na wana sababu. Ule wa 2012 ni vigumu kuugombea. Haukumdhalilisha mkaguzi yeyote na haukumtaka mtu athibitishe hila. Ulisema tu kwamba aliyeamriwa ana haki ya kuuliza kwa nini.

Kenya inalo Baraza la rufaa za mazingira lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 1999, na Tanzania nayo iliweka baraza la aina hiyo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Vyombo hivyo vikiwa na wajumbe, bajeti na ratiba inayoeleweka, watu wachache watafikia hatua ya kutafuta fidia ya hila miaka kumi baadaye. Nchini Tanzania, anayetaka kuidai serikali hutakiwa kwanza kutoa notisi ya siku 90, na mabadiliko ya mwaka 2020 yaliupanua utaratibu huo hadi kwenye taasisi nyingi za umma. Kwa mwenye karakana iliyofungwa, siku 90 ni muda wa kutosha wateja wote kuhamia kwa jirani.

Anayefikiri kwamba dawa ni kuwabana wakaguzi zaidi aende Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilimwaga madini ya risasi hewani na ardhini, watoto wakaugua, watu wakafa. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo na ambaye mtoto wake mwenyewe alipata sumu hiyo, aliongoza mapambano mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya takribani shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na miongoni mwa waliobebeshwa lawama ni mdhibiti wa kitaifa, NEMA. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mdhibiti huyo hakushtakiwa kwa sababu alishika watu ovyo. Kosa lake lilikuwa kutotimiza wajibu wake mapema.

Kwa hiyo mkaguzi wa Afrika Mashariki amesimama katikati. Asipochukua hatua, wanakijiji watamdai. Akichukua, mwenye kiwanda atatishia kumdai. Mizani ikilemea upande mmoja tu, atachagua upande wenye mawakili wachache wa kuogopwa, na mara nyingi huo si upande wa kijiji.

Wala mlango wa hila si wa matajiri peke yao. Mwaka 2012 Omido na wenzake walikamatwa na kushtakiwa kwa uchochezi na mkusanyiko haramu, kisha mahakama ikawaachia. Anayetaka sheria hii ifutwe ili mdhibiti afanye kazi kwa raha akumbuke kwamba mashtaka huwafuata pia wanaopiga kelele dhidi ya uchafuzi, na siku hiyo nao watahitaji mahali pa kudai.

Kinachoweza kuwatuliza wote wawili, mkaguzi na mkaguliwa, ni kitu cha bei ya chini kuliko wakili. Sheria ya Marekani ya taka hatarishi, ile ile iliyotumika Church Point, inamtaka afisa anayechukua sampuli aache stakabadhi kabla ya kuondoka, na mwenye eneo akiomba, agawiwe sehemu ya sampuli yenye ujazo au uzito ule ule. Majibu ya maabara nayo apewe nakala bila kukawia.

Utaratibu huo ukifuatwa barabara kwenye mtaro wa kiwanda chochote cha Ubungo au Changamwe, picha yake ni hii. Mkaguzi anachota chupa mbili mahali pamoja, wakati mmoja. Kila chupa inaandikwa tarehe, saa, mahali na jina la aliyechota, kisha inafungwa kwa lakiri. Moja inaingia kwenye kisanduku cha barafu kwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Ya pili inabaki kwa meneja, naye yuko huru kuipeleka kwenye maabara yake. Pande zote zinasaini karatasi moja yenye nakala. Karani anaitia nakala hiyo kwenye faili, gari la wakaguzi linaondoka, na miaka mitano baadaye, iwapo mtu yeyote atasimama mbele ya hakimu, awe mwenye kiwanda au mkaguzi, karatasi hiyo ndiyo itakayopokelewa kuwa kielelezo namba moja.