Hewa Bora: mtoto mlemavu asingoje pesa za serikali

Tangu tarehe 3 Mei 2022 inchi yetu ina sheria namba 22/003 ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Lakini mtoto wa Hewa Bora asiyeona vizuri, akikalishwa nyuma ya darasa lililojaa, sheria hiyo haimsomei ubao. Kumleta mbele hakuombi hata franka moja. Mwalimu asome kwa sauti anachoandika. Anayeandika kwa shida aongezewe dakika, ama ajibu kwa mdomo. Somo ni lile lile, pointi ni zile zile. Eti ni upendeleo? Mbona anayevaa miwani hatusemi anaiba mtihani! Ngazi za mlangoni ni habari nyingine: pale saruji inahitajika, na komite ya wazazi iitwe kabla masomo hayajaanza.