Mpangaji adondoshe maji, mwenye bomba je?

Kila baridi kali ikikaribia Texas, wapangaji wanapewa wosia uleule: usiku acha koki idondoshe maji, fungua na kabati la chini ya sinki joto liingie. Ushauri si mbaya. Mimi unanikera tu kwa sababu unamtwisha mzigo mtu asiye na bomba.

Wadau wa Dar, ambao barafu tunaijua ya kwenye frizi, soda ya chupa ukiisahau humo si inapasuka? Maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi. Kwenye bomba ni hivyo hivyo, ila mara nyingi halipasuki pale lilipoganda. Barafu inaziba njia, maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa yanabanwa mpaka bomba linaachia. Koki ikidondosha, presha inapata pa kutokea.

Sasa tazama Februari 2021. Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri. Umeme ukakatika kwenye nyumba zaidi ya milioni 4 jimboni, watu wakafungulia koki kama walivyofundishwa. Houston presha ya maji ikaporomoka, hadi meya wa wakati huo, Sylvester Turner, akawaomba wananchi wasiachie maji kuokoa mabomba! Mpangaji afanye lipi? Serikali ya jimbo baadaye ilihesabu vifo 246 kutokana na dhoruba ile.

Kwa maoni yangu tatizo liko darini. Nyumba nyingi za kule zilijengwa kwa kuogopa joto, mabomba yakapitishwa darini na kwenye kuta za nje bila kuvikwa kitu. Bomba la namna hiyo linaingia hatarini nje ikifika kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Sponji za kulivika zinauzwa dola chache tu, lakini mpangaji atapanda dari la nani? Hiyo ni kazi ya anayekusanya kodi.

Sponji nayo haiwashi moto. Umeme ukikatika siku tatu itashindwa, na hapo dawa ni kufunga koki kuu na kuyamwaga maji yote yaliyomo. Mwaka ule ule wa 2021 bunge la Texas lililazimisha mitambo ya umeme iandaliwe kwa baridi. Safi sana. Basi na wenye nyumba wabanwe: wavike mabomba, na siku ya kukabidhi funguo wamwonyeshe mpangaji koki kuu. Houston na Dallas kuna ndugu zetu wengi, wakiwemo Wacongo waliofika kama wakimbizi. Wengi wetu tumekulia mahali ambapo shida ya bomba ni kukauka, nani angetufundisha habari ya kupasuka? Kuitafuta koki saa nane usiku, maji yameshafika kwenye godoro la watoto, si mchezo.

Mlioko huko, mlionyeshwa koki kuu mlipohamia, au mliambiwa tu tarehe ya kodi?