GARI NA NYUMBA: Mlio wa "tik-tik" katika injini ya pikapu

Juma hili twajibu swali la mama mmoja wa Mibirizi, wilaya ya Rusizi, ambaye mumewe ni askari na yuko kazini mbali na nyumbani. Pikapu yao ni Hilux ya petroli yenye injini ya 22R. Wakati wa mavuno hubeba kahawa mbivu hadi kituo cha kuoshea, na usiku huamshwa mgonjwa wa jirani anapohitaji kupelekwa hospitali. Kwa majuma matatu injini ilikuwa ikitoa mlio wa tik-tik. Fundi wa kwanza alisema injini imekwisha, inunuliwe nyingine. Wa pili alikaza skrubu za vali mpaka mlio ukanyamaza, akalipwa, akaenda zake. Mama anauliza amwamini nani kati ya hao wawili.

Kwa maoni yetu, asimwamini yeyote. Na huyo wa pili aliyeleta ukimya ndiye wa kuogopwa zaidi.

Sababu ni hii. Injini ya 22R ina silinda nne na vali nane. Kamshafti husukuma roka, nayo roka husukuma vali ifunguke. Kati ya roka na ncha ya vali lazima ibaki nafasi ndogo, kwa kuwa chuma hutanuka kikipata joto. Injini ikiwa moto, nafasi hiyo ni milimita 0.20 kwa vali za kuingiza hewa na mafuta, na milimita 0.30 kwa vali za kutoa moshi, ambazo hupata joto kali zaidi. Nafasi ikizidi, roka hugonga vali, nasi twasikia tik-tik. Ikikosekana kabisa hatusikii kitu, lakini vali haifungi sawasawa. Vali hupoa kwa kugusa kiti chake. Isipokigusa, gesi ya moto hupenya pembeni mwake na kuila ukingo. Vali inayolia kidogo yaweza kutembea miezi mingi. Vali iliyobanwa huungua kimya kimya.

Lakini si kila tik-tik ni ya vali. Kwanza tazama oili, gari likiwa limesimama mahali palipo sawa. Jambo hili si jepesi katika vilima vya Mibirizi, ambako hata ua wa nyumba una mteremko, na kijiti cha oili husema uongo gari likiinama. Oili ikipungua au ikiwa nyepesi mno, sehemu za juu za injini hulia kabla ya nyingine. Taa ya oili ikiwaka, zima injini papo hapo.

Pili, sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi. Mlio mkali unaozidi garini mlimani na kupungua injini inapopata joto aghalabu ni moshi unaovuja penye gasketi ya manifoldi ya ekzosi. Tafuta alama nyeusi za masizi kando ya gasketi. Mlio wa kukwaruza mbele ya injini, hasa wakati wa kuwasha, huelekeza kwenye mnyororo wa taimingi. Injini nyingi za 22R za katikati ya miaka ya 1980 na baadaye zina viongozi vya plastiki vya mnyororo, navyo huvunjika. Hapo usingoje, kwani mnyororo waweza kutoboa kifuniko chake na kuingiza maji ndani ya oili. Na mgongo mzito utokao chini ya injini, unaoongezeka gari likipandisha mzigo kutoka bonde la Bugarama, ni wa beringi. Huo tu ndio unaokaribia maneno ya fundi wa kwanza.

Ikithibitika kuwa ni vali, kazi yenyewe haizidi asubuhi moja. Injini ipashwe moto kisha izimwe, na kifuniko cha juu kifunguliwe. Zungusha puli ya krankshafti mpaka alama ifike kwenye sifuri na roka za silinda ya kwanza zilegee. Hapo pima vali za kuingiza za silinda ya 1 na ya 2, na za kutoa za silinda ya 1 na ya 3. Zungusha puli mzunguko mmoja kamili, kisha upime zilizobaki. Bapa la fila geji lipite kwa kukwama kidogo tu. Fundi ashike skrubu kwa bisibisi anapokaza nati, kisha apime tena, maana nati ikikazwa huivuta skrubu. Fundi asiye na fila geji, akisema sikio lake latosha, na aagwe kwa heshima.

Tuongeze kwamba injini nyingine hazina skrubu hizi. Nyingine hupangwa kwa visahani vya chuma vya unene mbalimbali, na nyingine hujirekebisha zenyewe kwa nguvu ya oili. Mwenye gari asome kitabu chake kwanza.

Basi mama wa Mibirizi asiipakie pikapu mzigo kabla vali zote nane hazijapimwa upya. Zikilegezwa na mlio mdogo ukarudi, asishtuke. Kisha fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikiwa karibu sawa, gari lirudi kwenye kahawa. Silinda moja ikiwa dhaifu mno kuliko wenzake, huenda vali imekwisha kuungua. Kichwa cha injini kifunguliwe, vali mbovu ibadilishwe na viti visagwe. Gharama hiyo ni nzito kwa mshahara wa askari, lakini bado ni ndogo kuliko ya kununua injini nyingine.