Somo la haki kwenye simu ya kijana wa Minago

Elimu ya haki za binadamu imehamia mtandaoni. Awamu ya tano ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa elimu hiyo, 2025 hadi 2029, inawalenga watoto na vijana, na teknolojia ya kidijitali imepewa uzito wake. Siipingi nia hiyo. Swali langu ni wapi somo lianzie likimfikia kijana wa Minago, eneo la Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi.

Usiku vijana wa huko wako ziwani na taa zao, wakitafuta ndagala na mukeke. Mchana samaki wanaanikwa, simu inapelekwa kwa mwenye sola ikachajiwe kwa malipo. Nchini Burundi mwenye umeme ni mtu mmoja kati ya kumi hivi. Video ndefu ya profesa anayezungumza Kifaransa itamaliza bando na betri kabla hajafika kwenye hoja. Afadhali faili dogo la sauti, kwa Kirundi na Kiswahili, linalorushwa kutoka simu hadi simu na kurudiwa redioni. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu, la 1948, lipo kwa lugha zote mbili, kwa hiyo tafsiri isiwe kisingizio.

Hayo ni ya mafundi. Kazi iko kwenye mada. Kozi nyingi huanzia Paris, 1948, ilhali Rumonge haki ina sura ya shamba la michikichi. Uasi ulioanzia mwambao huu Aprili 1972, na mauaji makubwa ya jeshi yaliyofuata, viliwakimbiza watu maelfu kwa maelfu, wengi wakaingia Tanzania. Mashamba yao yakapata wenyewe wengine. Wakimbizi waliporudi, shamba moja likawa na familia mbili, kila moja na maelezo yake, na tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa 2006, ikawa na kesi za kuamua mwaka hadi mwaka. Kijana aliyekulia katika ugomvi huo hana haja ya kuambiwa kwamba mali ni haki. Anataka kujua karatasi ipi ina nguvu, na akishindwa akate rufaa wapi. Dada yake ana swali gumu zaidi: Katiba ya 2018 inakataza kumbagua mtu kwa jinsia yake, lakini mirathi ya ardhi bado inakwenda kwa mila, na binti hutengewa kijisehemu tu, igiseke, ambacho kaka zake ndio wenye neno la mwisho juu yake. Somo lisilogusa hapo limempita.

Halafu kuna hatari ya simu yenyewe. Mwandishi wa habari Sandra Muhoza alikamatwa Aprili 2024 kwa sababu ya aliyoyaandika kwenye kundi la WhatsApp, na Desemba mahakama ikamhukumu miezi 21 jela. Mwaka 2019, wanafunzi watatu wa kike wa Kirundo waliwekwa ndani kwa kuchorachora picha ya rais vitabuni. Mwalimu aliye Geneva akitoa zoezi la "andika maoni yako kwenye kundi", anayeweza kulilipia ni mwanafunzi.

Wapo watakaosema basi tuache kabisa. Sikubaliani nao: kutojua sheria hakukuwakinga wale wasichana wa Kirundo. Wengine watadai kwamba kufundisha tahadhari ni kufundisha woga. Hapo wana hoja, kiasi. Lakini mvuvi anayeangalia upepo kabla ya kusukuma mtumbwi hatumwiti mwoga. Kijana aambiwe mapema kwamba ujumbe wa kundi hupigwa picha na kusambazwa, kwamba nchi ina sheria ya uhalifu wa mtandaoni tangu 2022, na kwamba akikamatwa ana haki ya kuelezwa sababu.

Wafadhili wakitaka kozi mpya, wairekodi ya kwanza Rumonge kwenyewe: binti anauliza kuhusu shamba la marehemu baba yake, mwanasheria anayeijua mahakama ya pale anamjibu, dakika tano, bila jina la mtu.