Huduma za Familia Zivuke Maji

Tangu ilipopitishwa Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011, hapa Zanzibar limekuwa si jambo la kubishaniwa tena kwamba mtoto aliye chini ya umri wa miaka 18 akikosa malezi, au akidhulumiwa na wale waliopaswa kumlea, huwa si mzigo wa nyumba yake peke yake, bali ni dhamana ya Serikali pia. Katika mwaka huo huo kilianzishwa Kituo cha Mkono kwa Mkono katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, ambapo daktari, askari polisi na afisa wa ustawi wa jamii hukutana chini ya dari moja, na baadaye huduma hiyo ikafika Pemba. Ipo pia namba ya simu 116, ambayo mtoto au mtu mzima huipiga bila malipo. Kwa yote hayo Serikali yetu inastahiki pongezi.

Hata hivyo, kuwapo kwa huduma ni jambo moja, na kuifikia ni jambo jingine. Tungependa leo kulisema hili waziwazi, kwa sababu wanaoumia kwa tofauti hiyo ni wale wasio na sauti.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Kojani, ambaye hatuna haja ya kumpa jina kwa kuwa wako wengi. Mumewe yuko dago, miezi sasa, katika mwambao wa Tanga au mbali zaidi, wala haleti matumizi. Mwanawe wa miaka kumi na mitatu ameiacha skuli, hashikiki, na ameanza kufuatana na mashua za watu wazima. Mama huyu hataki kumfunga mtu. Anachotaka ni msaada: apatikane wa kumsemesha kijana, na baba akumbushwe wajibu wake.

Kwanza huenda kwa sheha kuomba barua. Sheha akiwapo, vyema. Asipokuwapo, siku imekwisha. Kisha hungojea chombo avuke, apande gari hadi Wete, na afike ofisini jua limeshapanda. Huko anaweza kuambiwa kwamba afisa ameitwa mkutanoni, au kwamba matunzo ni shauri la Kadhi, aende mahkamani. Mahkamani nako mume lazima aitwe, na mume yuko baharini. Jioni mama hurejea kwake akiwa ametumia nauli ambayo ingenunua unga wa siku mbili, na mtoto yule yule anamngojea mlangoni. Akishafanya safari ya namna hiyo mara mbili, ya tatu haendi.

Hapo ndipo mambo huachiwa muhali. Wazee hukaa, huamua yaishe kindugu, na kila mtu hurudi nyumbani kwake. Sisi si miongoni mwa wanaoubeza usuluhishi wa wazee. Visiwa hivi vimeishi kwao muda mrefu, na katika ugomvi wa mume na mke mara nyingi wazee hufanya kazi njema kuliko hakimu. Lakini mtoto aliyepigwa hadi kuumizwa, au aliyenajisiwa, hana la kusuluhishwa. Anayeyamaliza mambo ya namna hiyo barazani humkinga mkosaji, na wananchi wenzetu tusijidanganye kwamba huko ni kuhifadhi heshima ya ukoo. Ila ni haki vile vile kuuliza: huyo mzee, angalikuwa na afisa wa kumwendea karibu, asingalimwendea?

Tunajua jibu linalotolewa maofisini. Maafisa wa ustawi ni wachache na vyombo havitoshi. Ni kweli. Pemba peke yake ilihesabiwa kuwa na watu 543,441 katika Sensa ya mwaka 2022, na sehemu yao wanaishi katika visiwa vidogo: Kojani, Fundo, Makoongwe, Kisiwa Panza. Hakuna anayedai kila kisiwa kiwe na ofisi yake. Tunachodai ni siku. Afisa mmoja, siku moja ya mwezi inayojulikana na isiyobadilishwa kwa sababu ya semina, aketi katika ofisi ya sheha au skuli, na tangazo la siku hiyo libandikwe mskitini, kituo cha afya na dikoni wanakouzia samaki. Siku ya bamvua maji yanajulikana, na watu huyafuata. Nayo ya afisa ijulikane vivyo hivyo.

Barua ya sheha nayo itazamwe upya. Sheha ni kiungo cha thamani kati ya Serikali na wananchi, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua nyumba gani inalia. Lakini barua isiwe kufuli. Mwanamke anayemshitaki mtu aliye jamaa ya sheha, na katika kisiwa kidogo nani si jamaa ya nani, lazima awe na njia ya kumfikia afisa moja kwa moja. Namba 116 inasaidia, lakini sauti ya simu haimfuati kijana pwani alfajiri kumrudisha skuli. Kwa hilo anahitajika mtu wa miguu miwili.

Liko na suala la nani alipe. Tunazo Sheria ya Serikali za Mitaa, Namba 7, na ya Tawala za Mikoa, Namba 8, zote za mwaka 2014. Tunazo wizara, wakuu wa wilaya na mabaraza ya miji. Mama wa Kojani hana haja ya kujua afisa analipwa kutoka fungu lipi. Wanaohusika ndio wakae meza moja wakubaliane, na wakati wa kukubaliana ni kabla ya kupangwa makadirio, si baada yake. Fedha za kuvukia maji kwenda visiwa vidogo ziandikwe kwa jina lake katika makadirio yajayo, ili diwani na mwakilishi waweze kuuliza, mwisho wa mwaka, safari ngapi zilifanywa na watoto wangapi walionwa.